Usikiamini Kipimo Kimoja, Wala Usikidharau

Mpenzi msomaji, kama umewahi kumuuguza mgonjwa wa kisukari nyumbani kwako, basi utaielewa hofu iliyonishika usiku ule bila kuelezwa sana. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu hapa Upper Hill, mkono mmoja umeshika sindano ya insulini na mwingine umeshika kile kimashine kidogo cha kupimia sukari. Kimashine kilionyesha 24. Mgonjwa mwenyewe, baba yangu mzazi, alikuwa ameketi sebuleni akiwasimulia wajukuu hadithi.

Kabla sijaendelea, hebu nikujulishe kwa mzee huyu. Ana umri wa miaka 83. Aliajiriwa na shirika la reli mwaka 1962, enzi za magari ya moshi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia dereva kwa kutunza moto na maji ya injini. Aliyafanyia kazi yale majitu ya Garratt yaliyopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi yakihema kama ndovu. Alipostaafu alirudi mashambani. Miaka mitatu iliyopita daktari alisema sharti awe anachomwa insulini kila siku, nami nikamleta kwangu. Nyumba yetu ni mojawapo ya zile chache za kupanga zilizosalia kilimani hapa katikati ya maofisi na mahospitali. Mzee huketi dirishani akiutazama mnara wa Britam wenye mita 200, na kila mara husema kwamba alipokijua kilima hiki kilikuwa cha miti na nyumba za wakubwa wa reli.

Tulikuwa na daftari. Asubuhi na jioni tulimpima, tukaandika. Daktari alikuwa ametupa karatasi inayoeleza kipimo kikifika hapa ongeza insulini kiasi hiki, kikifika pale ongeza kiasi kile. Jioni ile saa moja alikuwa na 6.8, kipimo cha kumfurahisha mtu yeyote. Saa mbili u nusu nikaamua kumpima tena kwa sababu alisema anahisi uchovu. Hapo ndipo ile 24 ilipotokea.

Nilimpigia simu dada yangu aliye Nakuru. Aliposikia 24 alipiga yowe, akaniambia, "Unangoja nini? Mchome haraka!" Nami nikavuta dawa kwa kufuata karatasi. Nilikuwa nimeshaanza kutoka jikoni wakati kifungua mimba wangu, binti anayesomea uhandisi chuo kikuu, aliponizuia mlangoni.

"Baba, hebu ngoja kidogo," akasema. "Babu alikuwa na 6.8 saa moja. Je, katika daftari hili lote amewahi kupanda hivyo kwa saa moja na nusu?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba mashine haina sababu ya kusema uongo. Yeye hakubishana nami. Alimwendea babu yake, akamshika mkono, akaunusa. Kisha akacheka. "Babu, ulikuwa unamenya embe?"

Naam, mzee alikuwa amewamenyea wajukuu maembe mawili, yeye mwenyewe akala kipande kidogo tu. Vidole vyake vilikuwa vimejaa utomvu mtamu, nami nilikuwa nimemchoma kidole bila kumwambia anawe mikono, ingawa tulikuwa tumeonywa kliniki zaidi ya mara moja. Alinawa kwa sabuni, akajikausha vizuri, tukampima upya. Kimashine kikasema 8.1.

Msomaji, niliketi kitini miguu ikitetemeka. Unajua insulini ikizidi mwilini hufanya nini? Sukari huporomoka, mtu hutoka jasho, akachanganyikiwa, akaanguka na kuzimia. Na akiwa mzee, usiku, kitandani peke yake, huenda asiamke. Mimi, mwanawe, ningefanya hivyo kwa mikono yangu huku nikiamini namwokoa.

Nilimuuliza binti yangu alivyojua. Jibu lake lilinishangaza. Alisema, "Baba, hiyo ndiyo kazi tunayofanya kwenye roketi."

Usidhani mambo ya roketi ni ya nchi za mbali tu. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa na majukwaa baharini ambako roketi za Kimarekani aina ya Scout zilirushwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirukia hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri. Na siku hizi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kule Juja, wana mradi wao uitwao Nakuja ambao huunda roketi ndogo. Binti yangu naye, pamoja na wenzake chuoni kwao, wanajaribu kuunda yao.

Jumamosi iliyofuata alinipeleka kazini kwangu mwenyewe kunifundisha. Ofisi yetu iko katika mojawapo ya majengo marefu ya Upper Hill. Tuliingia katika lifti naye akatoa simu yake, ambayo ina kifaa cha kupima shinikizo la hewa. Alinieleza kwamba kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na kwamba hapa Nairobi shinikizo hushuka kama paskali 10 kwa kila mita moja. Tulipopanda, namba ilishuka. Lakini haikushuka kwa utulivu. Ilirukaruka, na mlango wa lifti ulipofunguka na upepo kuingia, ikaruka zaidi, kana kwamba jengo limetutupa juu na kutudaka.

"Sasa fikiria hiki ndicho kifaa kinachoiambia roketi iko kimo gani," akasema. "Roketi yetu ikifika kileleni inatakiwa kufungua mwavuli. Ikikiamini kifaa hiki kila kinaporuka, itafungua mwavuli ikiwa bado inapanda kwa kasi, na mwavuli utararuka. Ikikataa kukiamini kabisa, haitafungua mwavuli, nayo itarudi chini kama mkuki."

Basi wafanyeje? Hapa, msomaji, naomba unifuate polepole, kwa maana si jambo gumu. Kompyuta ndogo iliyo ndani ya roketi haingoji kipimo. Kwanza hujitabiria. Inajua ilikuwa kimo gani nukta iliyopita na ilikuwa na kasi gani, basi husema: sasa napaswa kuwa mita 320. Halafu kipimo huja na kusema mita 360. Kompyuta hutazama tofauti hiyo ya mita 40 na kujiuliza: katika tofauti hii, nichukue kiasi gani? Kama utabiri wake umekuwa mzuri na kifaa kina kawaida ya kurukaruka, itachukua sehemu ndogo, tuseme robo. Robo ya 40 ni 10, basi itaamini kwamba iko mita 330. Kisha inatabiri tena, inapima tena, inasahihisha tena, mara nyingi katika kila sekunde. Na kipimo kikija na tofauti kubwa mno isiyowezekana, kama ile 24 yangu, hukiweka kando na kungoja kingine.

Njia hii ya kuchuja vipimo ilielezwa mwaka 1960 na Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Marekani utotoni. Mwaka huo huo aliipeleka kwa Stanley Schmidt na wenzake katika kituo cha utafiti cha Ames, kule California, waliokuwa wakitafuta njia ya kuongoza chombo hadi mwezini. Leo njia hiyo imo katika ndege, meli na hata simu uliyo nayo mfukoni inapotafuta uko barabara gani.

Kwa roketi kubwa mchujo huo hufanya jambo la ajabu zaidi. Roketi ikiwa angani hakuna mzani wa kupima injini inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kinachopimwa ni kasi inavyoongezeka. Uzito nao haukai mahali pamoja, kwa sababu mafuta yanateketea kila sekunde na roketi inazidi kuwa nyepesi. Basi kompyuta hutabiri: kwa injini hii, na kwa uzito huu, kasi inapaswa kuongezeka kiasi fulani. Kama kipimo kimoja kiko chini ya utabiri, huenda ni mtikisiko tu. Lakini kama vipimo vyote vinaendelea kuwa chini kidogo, chini kidogo, basi kompyuta hubadili fikira zake na kusema: injini hii ni dhaifu kuliko nilivyoambiwa. Hapo ndipo inajulikana mapema kama mafuta yaliyobaki yatatosha kufika, au kama safari ikatizwe.

Binti yangu alinipa mfano wa kweli. Tarehe 29 Julai 1985 chombo cha Challenger kiliruka kutoka Florida na watu saba ndani. Baada ya karibu dakika sita, injini ya katikati ilijizima yenyewe. Vifaa vya kupima joto vilikuwa vimesema kwamba pampu yake ya mafuta imepata joto la kupita kiasi. Huko Houston, kompyuta zilikuwa zikichuja vipimo vya rada na kukadiria chombo kinaweza kufika wapi kwa injini mbili zilizobaki. Ikaonekana kinaweza kufika angani, ingawa chini ya kimo kilichopangwa. Lakini kabla watu hawajapumua, kifaa cha injini ya pili nacho kikaanza kusema joto limezidi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mwanamke mmoja mhandisi, Jenny Howard, ambaye kazi yake ilikuwa kuzichunga injini hizo, aliona kwamba haielekei injini zenyewe zimeharibika. Kinachoharibika ni vifaa vya kupimia. Alitoa shauri kwamba kompyuta izuiwe isizizime injini kwa sababu ya vipimo hivyo. Wanaanga waliambiwa, wakabonyeza. Injini iliendelea kuunguruma, chombo kikafika, na baada ya siku karibu nane watu wote saba walirudi salama. Baadaye ilithibitika kwamba hata ile injini ya kwanza ilikuwa nzima.

Kisa hiki kilinipendeza mno. Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo kosa langu la pili lilipoanzia, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Nilijiona nimekuwa mjuzi. Nilimsimulia kila mtu habari ya embe, kazini na kanisani. Kila kipimo kilichonichukiza nilikipatia sababu. Miezi miwili baada ya usiku ule, sukari ya mzee asubuhi ilianza kuwa 9. Nikasema, amekula chapati usiku. Siku iliyofuata 10. Nikasema, hakunawa vizuri. Kisha 11, kisha 10 na nusu, kisha 12. Nikasema kimashine kimezeeka. Binti yangu alikuwa amerudi chuoni. Kwa siku kumi niliandika namba hizo daftarini kwa mkono wangu, moja chini ya nyingine, na kila moja nikaitolea hukumu peke yake. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi nilikuwa nikilitazama kila wingu na kusema hili ni dogo.

Siku ya kumi na moja mke wangu aliposhika soksi za mzee ili azifue, aliona doa. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kilichoanza kuoza. Mzee hakuwa amehisi maumivu, kwani kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Uambukizo mwilini hupandisha sukari. Ndio uliokuwa ukisema nasi kupitia daftari siku zote hizo. Tulimpeleka hospitali asubuhi ile ile, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu kutoka kwetu. Madaktari walifanya walivyoweza, lakini kile kidole kilikatwa. Daktari alituambia kwamba tungechelewa zaidi tungekuwa tunazungumza habari ya mguu.

Jioni hiyo nilimpigia binti yangu simu nikamwambia mchujo wake umenidanganya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Haukukudanganya, Baba. Uliufanya nusu. Kompyuta ikijiamini kupita kiasi huvikataa vipimo vyote, kisha hubaki ikisafiri katika ndoto yake huku roketi imekwenda kwingine. Ndiyo maana sisi huilazimisha kila mara iongeze shaka kidogo juu ya utabiri wake, ili isiache kusikiliza."

Kisha akaniambia mwisho wa habari ya Challenger. Tarehe 28 Januari 1986, miezi sita tu baada ya kile kisa kizuri, chombo hicho hicho kiliruka tena na kusambaratika baada ya sekunde 73. Wote saba walikufa. Safari hii haikuwa injini zile. Ilikuwa mipira ya kuziba maungio ya roketi za pembeni. Katika safari kadhaa za nyuma mipira hiyo ilikuwa imeonekana imeliwa na moto. Kila mara wakubwa waliona kwamba, kwa kuwa chombo kimerudi salama, hali hiyo inavumilika. Usiku wa kuamkia safari ile wahandisi walionya juu ya baridi, wala hawakusikilizwa.

Sikulala vizuri usiku huo. Kesho yake nilimwendea mzee hospitalini, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikamweleza hata habari za Kalman na roketi. Kisha akaanza kuniuliza kama nimewahi kuona kioo cha maji.

Alinieleza kwamba ndani ya gari la moshi, mbele ya macho ya mtunza moto, palikuwa na vioo vilivyoonyesha maji yamefika wapi ndani ya tangi la mvuke. Maji yakipungua mno, tangi hulipuka na wote mnakufa. Lakini njia ya kioo iliweza kuziba kwa uchafu, basi kioo kikaonyesha maji mengi kumbe hakuna, au kidogo kumbe yapo. "Sasa ukiona kioo kimesema jambo la ajabu," akasema, "huzimi moto hapo hapo na kuziba njia ya reli. Unafungua bomba, unakipuliza, unatazama tena, na unakilinganisha na mwenzake. Lakini ukikipuliza mara mbili, tatu, na kinasema lile lile, mwanangu, hapo usijifanye kujua kuliko kioo."

Mzee huyu alilijua somo lote kabla hata Kalman hajawa maarufu, nami nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Basi msomaji, leo daftari letu lina safu mbili zaidi. Kabla ya kumpima, tunaandika namba tunayoitarajia kwa kutazama siku zilizopita na alichokula. Baada ya kupima, tunaandika tofauti. Kipimo kimoja kikiruka sana, ananawa mikono, tunampima upya, na kama bado hatuelewi tunampigia daktari simu kabla ya kugusa sindano. Na tofauti zikielemea upande mmoja kwa siku tatu mfululizo, hata ziwe ndogo, hatutafuti visingizio vya chapati. Tunamkagua mwili mzima, hasa miguu, na tunakwenda kliniki. Usichukue utaratibu wetu kama dawa ya mgonjwa wako. Muulize daktari wako atakupangia unaomfaa, kwani kuuliza si ujinga.

Mzee anatembea sasa, akichechemea kidogo. Jana jioni nilimkuta dirishani amelishika lile daftari, miwani puani. Aliniambia kesho anatarajia 7 na nusu. Asubuhi alinawa mikono, akajichoma kidole mwenyewe, na kimashine kikasema 7.9. Alichukua kalamu, akaandika tofauti, kisha akanitazama na kusema bado hajaridhika, tupime miguu kwanza.